Dalali Aliyetufundisha Kubeba Fimbo

Februari ya mwaka 1967, jioni ya Jumanne, dalali alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha shahada na kile cha kati. Naanza hapo kwa sababu siku tulipomzika kila mtu alianza hapo. Kila mmoja aliieleza ile jioni, na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Lakini nikikaa peke yangu nikimkumbuka, vidole haviji kwanza. Kinachokuja kwanza ni kicheko chake, alichokuwa akikichekea tumboni huku mdomo umefungwa, kama birika linalokaribia kuchemka.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza jinsi ninavyojua. Jina lake sitaliandika. Sokoni hakuna aliyelitumia. Tulimwita dalali, na hata mkewe alimwita dalali, hasa akiwa na hasira.

Nilikuwa nauza chai ya maziwa ya ngamia kwenye soko la mifugo la Garissa. Yeye ofisi yake ilikuwa debe langu moja lililopinduliwa. Alikaa hapo asubuhi nzima, magoti yamepanuka, fimbo katikati, akitazama miguu ya watu. Ngamia walioletwa kutoka Hadado na kwingineko aliwatupia jicho mara moja tu. "Ngamia hadanganyi," alisema. "Hana haja ya kuchunguzwa sana."

Kwetu bei ya ngamia haitamkwi mbele za watu. Dalali na mnunuzi hushikana mikono ya kulia, shuka hutupwa juu ya mikono hiyo, na vidole huanza kuzungumza humo ndani. Kubana kidole hiki kuna maana yake, viwili kuna maana yake, kiganja kizima vilevile. Juu ya shuka wenyewe wanaulizana habari za mvua na za watoto. Aliye karibu anaona shuka linacheza kidogo tu, kama lina panya. Halafu wanaachana, na ngamia amebadilisha mmiliki.

Nilimwomba anifundishe lugha ile ya vidole. Akacheka kile kicheko chake cha birika.

"Abaayo," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, dada, tangu siku ya kwanza. "Nikikufundisha, kesho utatuuzia chai kwa bei ya ngamia."

"Basi nifundishe nusu."

"Nusu ndiyo mbaya zaidi."

Hakunifundisha. Badala yake alinifundisha jambo ambalo sikumwomba. Siku moja alinitazama nikimpa mteja kikombe, akangoja mteja aende zake, kisha akasema, "Chai yako tamu, abaayo, lakini bega lako chungu."

Nikamuuliza bega langu limefanya nini.

"Unampa mtu chai huku bega limemgeukia kama mlango unaofungwa. Anakunywa haraka aondoke. Mgeuzie kifua, mpe kikombe, kisha ngoja kidogo kabla ya kushika kazi nyingine. Kidogo tu. Siyo mpaka akuchumbie."

Nilikasirika siku hiyo. Kesho yake nikajaribu, na watu wakaanza kukaa. Wakikaa wanaagiza kikombe cha pili. Sijui kama kuna elimu nyingine niliyoipata kwa urahisi hivyo.

Alikuwa na misemo yake, na yote ilihusu mwili. Ulimi huenda shule, mabega hayaendi. Hilo alilisema kila mnunuzi mwenye maneno matamu alipotokea. Uso ni bawabu, mguu ndio mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba mnunuzi anaweza kukunja uso na kusema ngamia huyu amekonda, hamtaki, lakini ukiona vidole vya mguu bado vinamwelekea ngamia, usimfuate. Atarudi. Na kama uso unacheka lakini mguu mmoja umeshageukia njia, bei hiyo imekufa, ipumzishe. Nilimwona akiketi kimya huku mnunuzi akiondoka kwa hasira, akihesabu tasbihi yake bila haraka, na mnunuzi akarudi kabla chai haijapoa.

Alikuwa na adabu ambazo hakuzieleza, alizifanya tu. Akizungumza na mtoto alichuchumaa. Akienda kwenye msiba hakusimama mlangoni akitoa pole kutoka juu, aliingia akakaa chini kwanza, akanyamaza, na neno likaja lenyewe baadaye. Hakumwonyesha mtu kwa kidole hata siku moja. Alionyesha kwa kidevu, au kwa kiganja kilichofunguka. Akimkatalia mtu jambo, alimshika mkono wakati huohuo. Watu walikataliwa na dalali wakaondoka wakidhani wamekubaliwa.

Nisimpambe kupita kiasi. Mtu huyu aliyesoma miguu ya soko zima hakuweza kusoma nyumba yake. Mkewe alimnunia tangu mwezi mmoja uandame hadi karibu uandame mwingine. Dalali akaja kwangu kuuliza kama nina karafuu.

"Mama watoto ana jino," akasema.

"Amekuambia linamuuma?"

"Hasemi. Anashika shavu tu na kutazama ukuta."

"Kwani ulifanya nini?"

Akafikiri. Fimbo ikachora chini. "Nilimwalika mjomba wake chakula cha mchana. Nikasahau kumwambia."

"Na mjomba alikuja?"

"Alikuja na jamaa zake."

Nilimpa karafuu. Nilimwambia akaitie kwenye pilau apike yeye mwenyewe. Mkewe alinihadithia baadaye kwamba wali uliungua chini na mbichi juu, na kwamba ilibidi acheke.

Vilevile alikuwa hodari wa kuficha mawazo yake juu ya ngamia, lakini chai ikiwa haina sukari ya kutosha uso wake ulitangaza kwa soko zima. Na alipokosea alikosea kwa uhakika, kama kila mtu anayejiamini. Nitafika hapo.

Vita vya shifta, wale waasi wa msituni, vilipozidi, soko lilifungwa. Mifugo haikuruhusiwa kuhamishwa, na sisi tuliokuwa tukiishi nje ya mji tulikusanywa katika boma moja lililozungushiwa miiba, lenye lango moja na kizuizi cha askari. Asubuhi wachungaji walitoka na mbuzi, na kabla ya jua kutua ilikuwa lazima wawe wamerudi. Baada ya hapo ilikuwa kafyu, na mtu aliyeonekana nje alihesabiwa kuwa shifta. Wale waliopigana msituni walikuwa na bunduki, askari nao walikuwa na bunduki, na katikati tulikuwa sisi na mbuzi wetu.

Dalali hakuwa na kazi tena. Alikaa kwenye debe lile lile, maana nililibeba, akitazama kizuizi badala ya soko. Baada ya siku chache akaniambia, "Hawa askari wanatusoma, abaayo, na hawajui herufi zetu. Na sisi hatujui zao."

Akaanza darasa. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliwapanga wanaume karibu na lango la miiba na kuwafundisha kutembea. Watu wazima, wenye ndevu na wake.

"Mikono ionekane. Usiitie ndani ya shuka. Usikimbie, hata kama umesahau kitu. Usisimame ghafla pia. Ukiitwa, geuka mwili wote, siyo shingo tu kama mwizi wa kuku. Punguza mwendo mapema, wakuone unapunguza."

Alijicheka mwenyewe. "Mimi niliyekula maisha yangu yote kwa mkono uliofichwa ndani ya shuka, leo nafundisha watu kuonyesha mikono. Mungu ana mzaha."

Lakini somo kubwa lilikuwa fimbo. Mchungaji wa kwetu hubeba fimbo yake mabegani, nyuma ya shingo, na kuning'iniza mikono yote miwili juu yake. Ndivyo anavyopumzika akiwa anatembea. Anajifunza hivyo kabla hajajua kufunga kikoi. Dalali alikwenda siku moja hadi karibu na kizuizi, akageuka kumtazama mtu anayekuja kutoka mbali, jua likiwa nyuma ya huyo mtu, akarudi amebadilika uso.

"Fimbo ile ukiitazama kutoka pale ni bunduki," akasema. "Wallahi ni bunduki. Hata mimi ningeogopa."

Basi akawafundisha kuibeba fimbo ikining'inia chini, imeshikwa katikati, karibu na paja. Karibu wote walikubali. Aliyekataa alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa mrefu, mkaidi na mwenye kupenda mbuzi kuliko watu. Alikuwa ndiye peke yake niliyebaki naye, baba na mama walikuwa wametangulia. Alisimama kama korongo, mguu mmoja umekanyaga goti la mwingine, fimbo mabegani, akamsikiliza dalali hadi mwisho.

"Adeer," akamwambia, kwa heshima, maana ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wa baba mdogo. "Unataka nitembee kama mwanamke anayetoka kuokota kuni?"

"Nataka utembee urudi."

"Fimbo ikiwa chini mikono yangu nitaiweka wapi?"

"Itabaki palepale ilipoota."

Watu walicheka. Kaka naye alicheka, akateremsha fimbo, akatembea hatua chache akionekana kama ngamia aliyevishwa viatu. Kila jioni dalali alimngoja langoni. Kaka akitokea kwa mbali na fimbo mabegani, dalali alianza kunung'unika tangu huko. Akikaribia, fimbo ilishuka. "Mwili wako una kichwa kigumu kuliko kichwa chako," alimwambia. Kila jioni mimi nilihesabu mbuzi kwa macho, kisha nikamtafuta yeye, kisha nikatafuta fimbo iko wapi.

Kwenye kizuizi palikuwa na sajini kutoka bara, Mkristo, mtu mpole wa sauti. Dalali hakumwamini kabisa. "Hatazami mtu machoni. Anazungumza nami huku anatazama ndevu zangu. Huyu amekula kitu cha mtu." Alilisema hilo kwa uhakika mpaka wote tukaamini, na tukaanza kumficha sajini vikombe vyetu.

Siku moja sajini alikuja kunywa chai. Dalali, ambaye hakuweza kukaa na jambo moyoni, alimuuliza waziwazi.

"Sajini, kwa nini hunitazami?"

Sajini akatazama kikombe. "Mzee, kwetu ukimkazia macho mtu wa umri wako, mama yako anakuchapa."

"Kwetu usipomtazama, mama yako anakuuliza umeiba nini."

Sajini akasema, "Kwa hiyo nyinyi mkitukazia macho pale kizuizini..."

"Tunawapa heshima."

"Mimi nilidhani mnatutukana."

Dalali akacheka mpaka debe likalia. Tangu siku hiyo sajini alijitahidi kumtazama machoni, na dalali alijitahidi kutazama chini, kwa hiyo bado hawakuonana.

Sasa ile Jumanne. Ilikuwa kiangazi, malisho yamekwenda mbali. Jua lilikuwa limeinama na wachungaji wote walikuwa wamerudi isipokuwa kaka yangu. Baadaye tulijua kwamba mbuzi mmoja alizaa njiani na hakutaka kumwacha. Nilisimama karibu na lango. Dalali alikuwa pembeni yangu, hakunung'unika, na kutonung'unika kwake ndiko kulikonitisha.

Akatokea. Alikuwa mbali sana, mweusi mbele ya jua, mbuzi hawakuonekana kwa vumbi. Alikuwa amechoka, na mwili uliochoka hurudi kwao. Fimbo ilikuwa mabegani.

Askari mmoja akasema, "Bunduki. Ana bunduki begani." Wakalala nyuma ya magunia ya mchanga.

Nilimwambia sajini, "Ni kaka yangu. Ni fimbo."

"Mama, rudi nyuma," akasema bila kugeuka. "Kila mtu huku ni kaka ya mtu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa kama mimi. Kaka yangu alikuwa mbali kiasi kwamba sauti isingemfikia, na alikuwa bado anakuja.

Dalali alikwenda mbele ya sajini, mikono imefunguka, akachuchumaa kidogo ili awe sawa na mtu aliyelala. Akamtazama machoni. "Sajini, nitazame mimi. Usimtazame yule. Mimi unanijua, na hii fimbo unaijua, umekunywa chai karibu nayo."

Akainuka, akapita kizuizi, akaifuata njia kuelekea jua. Alitembea jinsi alivyotufundisha, pole pole, fimbo chini. Alipofika mahali ambapo jua lilikuwa nyuma yake, akaipandisha fimbo mabegani, akaning'iniza mikono juu yake, akageuka kutukabili. Nikaona alichotaka tuone. Alikuwa kama kaka yangu wa pili, umbo lile lile. Walikuwa wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na ukimjua mmoja umemjua mwingine.

Sajini alisema, "Shusheni." Alisema kwa sauti. Lakini mwisho wa magunia palikuwa na askari mgeni, aliyeletwa wiki ile, ambaye hakusikia mazungumzo. Aliona watu wawili wenye bunduki mahali palipokuwa na mmoja. Akapiga risasi moja.

Fimbo iliruka. Dalali alikaa chini barabarani, kama mtu anayekaa msibani. Sajini alikimbia nje ya magunia, akasimama wazi katikati, akiwapa askari wake uso na kutandaza mikono yote miwili, na hakuna aliyepiga tena. Kule mbali kaka yangu alikuwa amelala kifudifudi.

Sajini alimfunga dalali mkono kwa fulana yake mwenyewe, akabaki kifua wazi. Nilikuwa nimewafikia. Dalali alikuwa amepauka, jasho linamtoka, akamwambia, "Si unaona fimbo inavyofanana na bunduki?"

"Nimeona, mzee," sajini akajibu. Alikuwa anamtazama machoni, na machozi yakimtoka.

Kaka yangu aliingia bila fimbo, mbuzi nyuma yake, mwanambuzi mikononi. Alipoona mkono ule, alirudi hadi mahali alipoiangusha fimbo yake, askari wakimtazama, akaileta, akaiweka miguuni pa dalali. Tangu siku hiyo hakubeba fimbo tena. Alichunga kwa mluzi na mawe, na mikono yake ilining'inia kando kama vitu alivyopewa amshikie mtu. Sajini naye, kila askari mgeni alipoletwa, alimpeleka kwanza nje ya kizuizi akamwonyesha mtu mwenye fimbo kutoka mbali.

Vita viliisha, soko likafunguliwa. Ningependa kusema dalali hakulalamika, lakini alilalamika sana, hasa asubuhi akifunga kikoi. Mkono wa kushoto hauingii chini ya shuka, ni tusi. Wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Alijaribu. Wanunuzi walikuwa na adabu, lakini vidole vyao vilitafuta vile visivyokuwepo, wakababaika. "Nimekuwa redio yenye stesheni moja," aliniambia. Akaacha, akarudi kwenye debe langu. Madalali vijana walikuja kumnong'oneza, "Adeer, yule mwenye kofia?" naye akatazama miguu na kusema, "Msubiri," au, "Mwache aende." Walimletea nyama. Aliyoipenda zaidi ni ya mbuzi.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa nyumbani kwake mjini, amelala kitandani, amekuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Nilimpelekea chai. Akaonja, na uso ukatangaza sukari. Mkewe akacheka mlangoni.

"Abaayo, lete mkono," akasema.

Akavuta shuka juu ya mikono yetu. Vidole vyake vitatu vikaanza. Kimoja kikabana, kisha viwili, kisha kiganja. Nilihisi ile nafasi ya vidole viwili. Sikujua anasema nini, na sasa pia sijui, kwa kuwa hakuwahi kunifundisha. Nikabana mimi pia, popote.

Akatikisa kichwa. "Kidogo sana."

Nikabana zaidi.

"Haya. Umenunua."

"Nimenunua nini?"

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. Fimbo ya kaka yangu ilikuwa pale, imepakwa mafuta, inang'aa. "Mpelekee. Mwambie siku hizi hakuna anayemlenga. Nimechoka kumwona akitembea kama mtu aliyesahau mikono yake hotelini."

Niliichukua. Kaka, mwenye mvi sasa, aliitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Imekuwa fupi," akasema.

"Wewe umenenepa."

Aliiegemeza ukutani ikakaa hapo. Tulipotoka kumzika dalali, watu wakiwa bado wamekaa wanaieleza ile jioni, kaka aliinuka mkekani, akaenda akaichukua. Akaiweka nyuma ya shingo. Akaning'iniza mkono mmoja, kisha wa pili, akatoka kwenda kuangalia mbuzi.